Mamluki kikosini: ni kocha, waziri wa michezo au mkuu wa chuo?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa uhasibu katika chuo kimoja hapa Dodoma, na tangu muhula huu uanze nimeongezewa jukumu la michezo. Mwezi uliopita tulikwenda Singida kwenye mashindano ya vyuo. Timu ya soka ikafika nusu fainali na kushinda kwa penalti. Kabla hatujalala, wapinzani wakawa wameshakata rufaa: beki wetu wa kushoto ni mamluki, yaani si mwanafunzi; alidisko (aliondolewa masomoni kwa kufeli) muhula uliopita. Ilipofuatiliwa ikawa kweli, tukanyang'anywa ushindi. Usiku uleule mabinti wawili wa netiboli wakakutwa nje ya kambi saa sita. Tangu turudi, kocha anasema majina aliletewa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Waziri anasema aliyapokea kwa kocha. Mkuu wa chuo anasema hakuwa na taarifa. Mabinti wamekwishasimamishwa masomo. Kocha anaendelea na mazoezi kama kawaida. Nani hasa anapaswa kuwajibika? Na ni kweli kwamba kwenye vyuo vya Marekani kocha ndiye hubeba kila kitu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwenye barua yako umetaja watu sita: beki, mabinti wawili, kocha, waziri na mkuu wa chuo. Walioadhibiwa mpaka sasa ni wawili tu, na ndio wasiohusika kabisa na ushindi mlionyang'anywa. Nitarudi kwao. Tuanze na beki.

Wewe ni mtu wa uhasibu, kwa hiyo nitatumia lugha yako. Anayeomba fedha si yeye anayeidhinisha, na anayeidhinisha si yeye anayezitoa dirishani. Kazi hizo tatu zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, ipo siku mkaguzi atakuja na maswali. Michezoni tumezoea kinyume chake. Kocha ndiye anayemtafuta mchezaji, ndiye anayeandika jina, ndiye anayekusanya vitambulisho, na ndiye anayesimama mbele ya meza ya ukaguzi kusema kwamba wote ni wanafunzi halali. Kesi ya nyani tumempelekea ngedere, halafu tunashangaa hukumu.

Uhalali wa mchezaji unatoka kwenye kumbukumbu za taaluma, hautoki uwanjani. Mwenye kumbukumbu hizo ni msajili wa chuo. Yeye ndiye anayejua nani amelipa ada na kujisajili muhula huu, nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani amekeri somo (amebeba somo aliloshindwa kwenda nalo mbele), nani ameahirisha mwaka kwa ugonjwa, na nani amedisko. Makundi haya hayafanani. Mwenye sapu bado ni mwanafunzi, na aliyekeri vilevile. Aliyedisko si mwanafunzi, hata kama bado analala hosteli kwa rafiki yake na kushinda kwenye vimbweta na wenzake. Aliyeahirisha ndiye mwenye utata: hapo lazima ufungue kanuni za mashindano husika usome kwa macho yako, usiambiwe na mtu.

Sasa angalia tundu alilopitia beki wenu, maana nina hakika ni hili. Matokeo ya muhula yanapitishwa kwenye kikao, jina linaondolewa kwenye orodha, lakini kitambulisho kinabaki mfukoni mwa kijana. Kadi imeandikwa kwamba muda wake unakwisha miaka miwili mbele. Picha ni yake, namba ya usajili ni yake, muhuri ni wa chuo. Mwamuzi akiitazama haoni kasoro, kwa sababu kasoro haimo kwenye kadi. Kadi inathibitisha kwamba siku ilipotolewa alikuwa mwanafunzi. Kwamba leo bado ni mwanafunzi, hilo halimo.

Zamani ilikuwa chafu zaidi, na hapa nitajisema mwenyewe. Miaka ya tisini nilikuwa meneja wa timu ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Siku ya fainali upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi jekundu mpaka chaki za mistari ya uwanja zikawa hazionekani. Nilikuwa na vitambulisho 18 vimefungwa kwa utepe wa mpira, navipanga kabla ya kuvipeleka mezani. Vile vilikuwa vya karatasi ngumu, picha imebandikwa kwa gundi, na muhuri wa duara unagongwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Kwenye kadi ya mshambuliaji wetu mpya nusu mbili hazikukutana. Duara lililoanzia kwenye picha liliishia ukingoni, na lile la kwenye karatasi lilikuwa limeshuka kama upana wa kidole. Nikaipapasa ile picha kwa kidole gumba. Kona moja ilikuwa bado ina unyevu wa gundi.

Nilijua. Nikaiweka ile kadi katikati ya nyingine, nikafunga ule utepe, nikapeleka mezani. Tulishinda mbili kwa moja na yule kijana akafunga la pili. Hakuna aliyekata rufaa. Nikarudi chuoni nimebebwa mabegani, na mpaka leo sijui yule kijana alikuwa nani hasa, maana jina tulilomwita siku ile lilikuwa la mwenye kadi. Ningeulizwa wakati ule ningesema kama anavyosema kocha wenu: majina niliyakuta, mimi kazi yangu ni kupeleka mezani.

Kwa hiyo kocha wenu ana kosa, na waziri wa michezo ana lake. Lakini chuo ndicho kilichosajili timu, na jina la chuo ndilo lililoandikwa juu ya fomu. Vyombo vya soka vinalielewa hili vizuri. Timu ikichezesha mtu asiye halali inapokwa mchezo kwa mabao matatu kwa bila, na hakuna anayeuliza kama kocha alijua au hakujua. Wapenzi wa soka hapa nchini tumeyaonja haya pande zote mbili. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikwishapata tiketi ya fainali za vijana za Afrika za 2005, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na mbili baadaye bahati ikatugeukia: Congo-Brazzaville ilishindwa kumpeleka mchezaji wake kupimwa umri kwa kipimo cha MRI kama CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilivyotaka, ikaondolewa, sisi tukaenda Gabon 2017. Nchi nzima ya vijana ilibaki nyumbani kwa ajili ya mmoja, kwa sababu shirikisho ndilo lenye wajibu wa kumthibitisha mchezaji wake.

Mkuu wa chuo anaposema hakuwa na taarifa, anadhani anajitetea. Kwa kweli anakiri kwamba timu ilitoka chuoni na basi la chuo, na jezi za chuo, na posho iliyosainiwa kwenye ofisi ya chuo, bila yeye kuwa na utaratibu wa kujua nani yumo ndani ya basi. Simaanishi kwamba yeye akague vitambulisho. Wajibu wake ni kumteua mtu wa kukagua, kwa barua, na mtu huyo asiwe kocha.

Sasa Marekani. Uliyosikia ni kweli kwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi. Chama kikubwa cha michezo ya vyuo kule, NCAA, kina mizizi ya 1906. Kwa muda mrefu kanuni zake zilisema kocha mkuu anachukuliwa kuwa ndiye mwenye dhamana ya makosa ya wasaidizi wake, ila alikuwa na nafasi ya kujitetea kwamba alijenga mazingira ya kufuata sheria na alikuwa anawafuatilia. Kuanzia Januari 1, 2023 mlango huo ukafungwa: msaidizi akivunja kanuni, kocha mkuu anahesabiwa kuwa na hatia moja kwa moja, na kilichobaki cha kujadili ni ukubwa wa adhabu yake. Sasa hawezi kusema majina aliletewa.

Lakini sikiliza upande wa pili. Kocha yuleyule anayebebeshwa mzigo huo siye anayethibitisha uhalali wa mchezaji wake. Kazi hiyo wanaifanya watu wa usajili na ofisi maalumu ya kusimamia kanuni, na yupo pia mwalimu wa taaluma anayeteuliwa na rais wa chuo kukiwakilisha chuo kwenye mambo ya michezo. Mchezaji lazima awe amejiandikisha kwa masomo ya muda wote, kwa kawaida si chini ya krediti 12 kwa muhula, na mwenye kuhesabu krediti hizo hayuko kwenye benchi la timu. Watanzania wa rika langu wanawakumbuka wanariadha Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga, waliokimbia kwa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso; Nyambui alikuwa anatwaa mataji ya vyuo vya Marekani miaka ileile aliyorudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980. Tunapowasimulia tunasimulia mbio tu. Upande wa madaftari hatuusimulii, ingawa bila madaftari mwanafunzi hasimamishwi kwenye mstari wa kuanzia.

Ukitaka kuona kwa nini kumtwisha kocha peke yake hakutoshi, tazama chuo kikuu cha Southern Methodist cha Dallas. Wachezaji wao wa futiboli ya Kimarekani walikuwa wakilipwa kwa siri na wafadhili wenye fedha. Waliadhibiwa, wakaahidi kuacha, hawakuacha. Mwaka 1987 NCAA ikaifuta timu nzima kwa msimu mmoja, na msimu uliofuata chuo chenyewe kikaamua kutocheza. Hapo watu walitegemea kusikia habari ya kocha mroho. Kilichotoka ni kwamba Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo na wakati huo akiwa gavana wa Texas, alikiri kwamba yeye na wenzake kwenye bodi walijua malipo yanaendelea na wakayaacha. Makocha walikuja na kuondoka, na bahasha ziliendelea kutoka.

Na kuna makosa ambayo kanuni za mchezo hazitoshi hata kuyataja. Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani, alitiwa hatiani Juni 2012 kwa makosa 45 ya kuwadhalilisha watoto wa kiume. NCAA ikakitoza chuo dola milioni 60. Mahakama nayo haikuishia kwa Sandusky. Mwaka 2017 mkurugenzi wa michezo na makamu mmoja wa rais wa chuo walikiri kosa la kuhatarisha usalama wa watoto, na rais wa chuo mwenyewe akakutwa na hatia. Walikuwa wamepata habari mapema, wakaona waimalize ndani kwa ndani.

Hayo yananileta kwa mabinti wenu, na hapa naomba uniwie radhi nikizungumza kwa ukali kidogo.

Kwanza mmeyachanganya mambo mawili. Kuchezesha mamluki ni kuvunja kanuni za mashindano. Kutoka kambini usiku ni nidhamu ya mwanafunzi, inasimamiwa na kanuni ndogo za chuo na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kamati ya mashindano haiwezi kumsimamisha mtu masomo, na kamati ya nidhamu ya chuo haiwezi kurudisha ushindi. Yakitokea usiku mmoja, hasira ya jambo la kwanza inatafuta pa kutulia, na inatulia kwa asiye na wa kumsemea. Nimeona hivyo mara nyingi mno. Kijana akitoroka kambi anaitwa mtundu na kuchekewa. Binti akitoka anaandikiwa barua.

Pili, waliulizwa? Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla chombo chochote hakijaamua haki zake, pamoja na haki ya kukata rufaa. Chuo ni chombo. Kama barua za kuwasimamisha zilichapwa kabla ya kikao, barua hizo zina kasoro, na mwanasheria yeyote wa mwaka wa pili pale UDOM ataziona.

Tatu, waulizwe nini? Mimi ningeanza na kambi yenyewe. Kambi nyingi za vyuo nizijuazo ni madarasa ya shule fulani ya sekondari, magodoro chini, madawati yamerundikwa ukutani. Timu zinalala hapo, na mara nyingi viongozi wanalala gesti mjini. Matroni alikuwepo? Alilala wapi? Chakula cha usiku kilitoka saa ngapi? Geti lilikuwa na mlinzi? Niliwahi kusimamia kesi ya binti aliyekutwa barabarani saa tano na nusu usiku. Alikuwa anatafuta duka lililo wazi anunue taulo za kike, kwa sababu matroni hakuwepo na sanduku la huduma ya kwanza alikuwa nalo kocha wa wanaume. Alikuwa tayari kusimamishwa muhula mzima kuliko kulieleza hilo mbele ya kikao cha wanaume saba. Sisemi wenu walikuwa na sababu kama hiyo. Huenda walikwenda muziki tu, basi wapewe adhabu ya kwenda muziki.

Na katika kuuliza, aulize mwanamke, faraghani, na aulize pia kama kuna mtu mzima aliyewaita. Likitokea jibu la kwamba kocha au kiongozi alidai mapenzi ili mtu apangwe kikosini au apewe posho, hapo mkabidhi faili, msilikalie kikao. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma. Viongozi wa Penn State waliponzwa na kulimaliza ndani.

Mchezaji naye asamehewe yote? Hapana. Kwenye dawa za kuongeza nguvu kanuni za dunia hazina huruma: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama aliyekupa ni daktari wa timu. Beki alijua amedisko, barua alipewa. Waziri wa michezo naye ana lake la kujibu, ingawa nawaomba mkumbuke huyo ni mwanafunzi tu, na mara nyingi cheo hicho hupewa anayejua kucheza na kuongea. Kumfanya yeye ndiye mlinzi wa mlango wa chuo kizima ni kumwonea.

Cha kufanya sasa. Kabla kikao chochote hakijaitwa, andika taarifa yako mwenyewe: tarehe, nani alikukabidhi orodha, kwa mkono au kwa WhatsApp, nani alisaini fomu ya ushiriki. Usimhukumu mtu humo. Ambatisha picha za skrini. Peleka nakala kwa mkuu wa chuo na ubaki na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Nakuambia hivi kwa sababu mwenye jukumu jipya ndiye hudondokewa na jengo lote. Ukimya wako leo utasomwa kesho kama kukiri.

Kisha omba kitu kimoja tu kwa mkuu, ombi dogo asiloweza kulikataa: kila orodha ya wachezaji ipite kwa msajili, asaini jina kwa jina akilinganisha na usajili wa muhula huu, siku tatu kabla ya safari. Na kama matokeo yatatoka timu ikiwa kambini, isainiwe tena. Hapo wengi huteleza: kijana anaondoka Dodoma akiwa mwanafunzi halali, matokeo yanabandikwa Jumatano, Alhamisi anacheza akiwa si mwanafunzi. Msajili atalalamika kwamba ana kazi nyingi. Majina 18 ya soka, 12 ya netiboli na 12 ya wavu hayamalizi nusu saa.

Kocha asimame pembeni wakati uchunguzi unaendelea, kwa malipo yake yaleyale, na mabinti warudi darasani wakati wao nao wanasubiri kusikilizwa. Mitihani haisubiri kikao. Mkuu akikuuliza kwa nini ulinganishe, mwonyeshe tarehe za barua zao na umwombe ya kocha muiweke pembeni yake.

Posho sitaizungumzia sana. Wewe ni mhasibu, unajua pa kutazama. Ila linganisha idadi ya waliosaini posho ya Singida na idadi ya vitanda.

Halafu mtafute yule beki. Muulize nani alimpigia simu, aliahidiwa nini, na kama kuna mtu aliyemwambia kwamba hastahili kucheza. Utapata majibu ambayo kocha na waziri hawatakupa, kwa sababu yeye hana tena cha kupoteza chuoni kwenu. Na mkimaliza kuongea, kabla hajaondoka, mwombe kitambulisho. Tangu Singida mpaka leo, mwalimu, kuna mtu aliyekichukua?